Ule Mche wa Muhugu Kwenye Kopo

Kambi Muru, Kibera
Jumapili, tumetoka kanisani

Mama Mwende, dada yangu,

Usikohoe kwanza. Wacha nimalize.

Maana nakujua. Nilikuwa nikifungua mdomo tu kusema habari za mtoto wangu, unakohoa. Kile kikohozi chako kidogo cha kooni, cha mtu ambaye hana homa wala mafua. Nikisema pale bombani kwamba Wekesa amekuwa wa kwanza darasani, kho. Nikiongeza kwamba mwalimu mkuu mwenyewe alinipa mkono, kho kho. Wanawake wote wanaangua kicheko na ndoo zao, na mimi najifanya nimekasirika. Leo nimekaa hapa na penseli ya Wekesa, hii bapa ya kuchorea mbao, na nyumba imenyamaza. Naweza kujisifu vile nataka, hakuna wa kunizuia. Sikujua kikohozi cha mtu kinaweza kukosekana hivi.

Nianze na habari njema, maana hiyo nyingine ni nzito na sijui nitaishika wapi.

Wekesa sasa ana banda lake mwenyewe huko kwenu Kawangware, kando ya barabara. Anatengeneza viti vya bustani, mama! Benchi za kukaa nje, meza za kuwekwa chini ya miti kwa matajiri. Si vile viti vya kupigiliwa misumari vikalegea mvua ya kwanza. Yeye anachonga ulimi kwenye ubao huu, anatoboa tundu kwenye ule, zinaingiana, halafu anafunga kwa kijiti. Nimekalia benchi yake mimi mwenyewe, na uzito wangu unaujua. Haikulia hata kidogo. Mabwana wa Lavington wanasimamisha magari. Mzungu mmoja alipiga magoti kwenye vumbi na suruali yake nyeupe ili aangalie benchi kwa chini.

Haya, suruali ilikuwa ya kaki. Lakini magoti alipiga.

Ile siku tulikusanyika kwako kukuombea kabla hujapelekwa Machakos, watu walikuwa wengi na viti hakuna. Wekesa akaleta benchi sita zilizokuwa zikimngoja mteja azichukue. Akazipanga chini ya turubai, waombolezaji wakakaa. Na mimi, Mungu anisamehe, wewe uko ndani ya sanduku, nilikuwa napita nikisema, "Kaeni, kaeni, msiogope, ni za mwanangu hizi, haziyumbi." Mama mmoja alikuwa analia, nikamgonga begani nimwonyeshe vile mkono wa benchi umelainishwa. Nilikuwa hivyo siku ya kukuaga.

Halafu Mwende akasimama. Umelea msichana, dada. Hakutetemeka. Alisema, "Tulipofukuzwa kule shambani msituni, tulikuja hapa Kawangware hatuna kitu. Huyu Mama Wekesa alibeba mahindi kichwani kutoka Kibera mpaka hapa, akatuletea. Hatukulala njaa. Kama mama alikuwa na dada hapa Nairobi, ni huyu." Watu wote wakageuka wakaniangalia. Wengine wakapiga makofi.

Mimi nikangoja ukohoe. Kweli kabisa, niliangalia lile sanduku nikangoja.

Sasa niandike yale sikuwahi kusema.

Unakumbuka vile tulipewa vipande vyetu msituni. Chako na changu vimepakana, katikati vigingi tu. Tulime mahindi na maharagwe, na kati ya mistari tuitunze miche ya serikali, tuipalilie, tusiiguse na jembe. Walitaka msitu wa zamani urudi, ule uliokatwa kuni na nguzo kabla wewe na mimi hatujaijua Nairobi. Na sharti lilikuwa moja: miti ikisimama, sisi tunatoka.

Ile miche uliipenda. Ya muhugu hasa. Baba yako alikuwa mchongaji huko kwenu, harufu ya muhugu uliijua tangu ukiwa mgongoni. Ulikuwa unaniambia, "Mama Wekesa, huu mti mchwa hawauli, maji hayauozeshi. Lakini huwezi kuuharakisha. Mimi na wewe tutapata mvi, wenyewe bado unaenda shule." Mimi nacheka tu. Akili yangu iko kwenye mahindi.

Mwaka wa tatu mvua ilikuja vizuri, na miche ikasimama. Ilifika magotini, mingine kiunoni. Nyapara wa msitu akatuambia tuvune hayo yaliyoko, tupande mara moja tena, halafu basi, tutoke. Na Wekesa alikuwa amebakisha miaka miwili shuleni. Baba yake unajua alienda na hakurudi. Sikuwa na kitu kingine, dada. Nilikuwa na hicho kipande na huyo mtoto.

Ni mimi, Mama Mwende. Ni mimi niliyeiua.

Nilikuwa nafika asubuhi kabla yako. Nashika mche chini kabisa, karibu na udongo, navuta polepole. Siung'oi. Navuta tu mpaka nasikia mizizi inakatika ndani, kama uzi wa nguo. Halafu nakanyaga udongo ukae vizuri, naenda kwa mwingine. Mche unabaki kijani siku nne, tano, ndipo unaanza kukauka, na mtu yeyote atasema ni jua. Tena mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kusema. "Jamani, jua la mwaka huu!" Na wewe unaenda mtoni na debe kichwani, unarudi unamwagilia kitu nilichoua juzi.

Nilianza na kipande changu. Nikaona ya kwako imesimama na yangu imekauka, mtu atauliza. Kwa hivyo nikavuka kigingi.

Nikawa navuta na ya kwako.

Siku nyapara alipokuja na kitabu chake, alisimama kwako. Angeweza kusimama kwangu. Aliushika mche mmoja mkavu, ukatoka mkononi kama mwiko kwenye uji. Akaangalia chini yake. Akasema, "Hii si jua. Huu ni mkono wa mtu. Ni nani anaua miti hapa?"

Mimi niliangalia mpini wa jembe langu. Niliuangalia kama sijawahi kuuona.

Wewe uliangalia mikono yangu. Mara moja tu. Halafu ukamwambia, "Kipande ni changu." Basi. Hukusema ni wewe. Ulisema kipande ni chako, na ilikuwa kweli, na yeye akasikia kile alitaka kusikia. Ukatolewa siku hiyo hiyo, mahindi yako yametoa nywele nyekundu, bado wiki chache tu. Na kipande chako nyapara akanipa mimi niangalie, maana ati mimi ni mama mwaminifu.

Nikavuna. Yale mahindi niliyobeba kichwani mpaka Kawangware, nusu gunia, yale Mwende anayaimba mbele ya watu, yalikuwa yako. Nilikuletea mahindi yako mwenyewe, nusu, na wewe ukanikaribisha chai, ukasema asante, na nikainywa hiyo asante pamoja na chai.

Nilidhani hujui. Miaka kumi na moja nilijiambia hujui. Ungejua ungenichekeaje? Ungekohoaje?

Baada ya maombi Mwende alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. Pale ukutani kulikuwa na kopo la mafuta ya kupikia, kutu tupu, na ndani yake muhugu. Mti mzima, mdogo, urefu kama mkono wangu. Akaniambia, akikuita mama kwa Kikamba kama kawaida yake, "Mwaitu alisema huu ni wako. Alisema uliuacha siku ile ya kutoka msituni, na yeye anakutunzia tu, mpaka upate mahali pa kuupanda. Hili ni kopo la tatu, mengine yaliliwa na kutu." Nikainama niangalie. Shina limepinda, juu kidogo ya udongo. Pale ndipo vidole vyangu vilishika.

Mwende alifikiri nalia kwa ajili yako. Nilimwacha afikiri hivyo.

Kwa hivyo ulijua. Ulijua na ukaondoka na huo mmoja ambao mizizi yake haikuisha, ukauweka kwenye kopo, ukaumwagilia maji miaka yote hiyo. Na hata mtoto wako hukumwambia. Afadhali ungenitukana, dada. Ungekuja hapa Kambi Muru ukasimama mlangoni ukanitukana mpaka majirani wajae. Matusi ningekujibu, mdomo ninao. Hili kopo nalijibu nini?

Na sitakudanganya tena. Ningeweza kunyamaza mpaka na mimi niingie udongoni. Najijua. Lakini kuna hili jambo la Mwende.

Pale kitalu cha miche, kule msituni, wanatafuta wanawake wa kuotesha miti ya zamani. Mwende akaenda. Nani anajua miche kumshinda? Yule nyapara bado yuko, sasa ndiye mkubwa, amenenepa. Akamuuliza mama yake ni nani, Mwende akasema. Akafunga kitabu. "Wewe ni binti wa yule Mkamba aliyeua miche? Hapa si mahali pako." Mwende aliniambia haya akiwa anaosha vikombe, bila hasira. Akasema, "Sijui nini kilitokea huko, Mama Wekesa. Lakini mwaitu hawezi kuua mti."

Na huyo nyapara ndiye anampa Wekesa ruhusa ya kuchukua muhugu ulioanguka, ule anaofanyia miguu ya benchi, maana miguu ndiyo inakaa kwenye maji na matope. Wekesa alinipeleka huko mwezi uliopita, anionyeshe. Miti ya wengine imempita kimo, dada! Ndege wamejaa. Na katikati kuna pahali pa wazi, majani tu, kipande chako na changu. Akaniuliza, "Mama, mbona hapa hapakuota?" Nikamwambia labda ni udongo. Ulimi wangu haukukwama hata kidogo.

Jumatano nilienda kwa nyapara peke yangu. Nilivaa ile nguo ya maua. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Jumatatu. Nikafika, akasema, "Karibu, mama wa fundi!" na mimi nikafurahi. Nikamwambia habari za benchi sita, na za yule mzungu. Nikamwambia suruali nyeupe. Nikaaga, nikarudi nyumbani. Nilipofika karibu na Olympic, hapa hapa Kibera, nikakaa kando ya njia kama mlevi.

Jana nikamwambia Wekesa. Alikuwa anapiga randa. Nilisema yote, mpaka hayo ya kuvuka kigingi, na macho yangu nimeweka kwenye maranda yanayoanguka, yakaacha kuanguka. Akakaa kwenye benchi. Nilidhani atasema, mama umeniaibisha. Akasema, "Hayo mahindi niliyala mimi."

Nikamwambia nyapara anaweza kumnyima muhugu, na hizo benchi atazisimamisha na nini. Akasema, "Nitatafuta mbao nyingine. Wewe nenda." Halafu akanipa hii penseli. Akasema kama mdomo wangu unakimbilia sifa kila ukifunguliwa, basi niandike, karatasi haina masikio ya kunipigia makofi. Ona vile ana akili. Huyo ni wa kwangu—

Sawa. Nimesikia. Nimeacha.

Kwa hivyo nimekuandikia wewe, maana kwako siwezi kujipamba. Lakini barua hii siji kuizika Machakos. Nikimaliza nitaikunja, nitavuka mpaka Kawangware na viatu vyangu vya kanisa, na nitampa Mwende aisome mbele yangu. Sitamsomea mimi, nitaruka mahali. Akinifukuza, nitatoka. Akinipiga, ana haki. Na kesho asubuhi, anitake asinitake, nitakuwa kwa nyapara, nitamwekea karatasi hii mezani, na nitasimama hapo mpaka afike mwisho. Mwende, mwanangu, kama uko hapa kwenye mistari hii: mama yako hakuua mti wowote. Alisema kipande ni chake. Mikono ilikuwa yangu.

Na lile kopo nimelileta huku kwangu, liko mlangoni. Nikipewa ruhusa nitaupanda pale pa wazi, mahali kigingi chetu kilikuwa. Nisipopewa, nitaomba mtu mwingine aupande, nami nitaangalia nikiwa njiani. Nakuahidi, hata ukikua ukatoa kivuli, sitasema ni mti wangu. Watu wakiuliza nitasema ni wa Mama Mwende, alinitunzia.

Lala, dada. Lala vizuri huko kwenu kwenye harufu ya muhugu. Mimi sasa navaa viatu.

Na ikitokea siku moja nimesahau, nimesimama bombani nawaambia wanawake kwamba hakuna muhugu mkubwa kama huo msitu mzima, kohoa.

Kohoa kwa nguvu, wasikie.

Ni mimi,
Mama Wekesa