Baa Imeingia kwa Halima

Galbet, Garissa

Shikamoo mama yangu,

Naomba maneno haya yakukute umekaa barazani, si kitandani. Magoti yanaendeleaje? Riziki anakukanda kweli, au anaahidi tu? Mimi ni mzima ila nimechoka, mama. Nimechoka mpaka usingizi haunipumzishi. Maji ya huku yana chumvi, na vumbi limo hata ndani ya mkate. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Wajua kazi yangu ni kumfuata hirola, yule swara wa rangi ya mchanga mwenye weupe machoni kama amevaa miwani. Wamebaki wachache mno. Kabla yangu hakuna mwanamke aliyewahi kupewa kazi hii hapa. Nilipofika wazee walinikaribisha vizuri, kisha wakauliza, "Na daktari mwenyewe atakuja lini?" Siku hizi wamenizoea, wananiletea mbuzi wanaoharisha. Nimesema mimi si daktari wa mifugo mpaka ulimi umeota sugu.

Mimi nawe tuliagana hivi: nisipoona ndama wa hirola msimu huu, narudi nyumbani kufundisha, kwenye ile nafasi anayonishikia Mjomba Salim shuleni kwake. Nikimwona, nabaki, maana ndama lazima afuatiliwe mpaka akomae. Msimu ukawa unakwisha, na ndama hakuna.

Basi juzi akanipigia Halima, mama mmoja mfugaji, Msomali wa upande wa kusini. "Daktari, kuja haraka! Baa imeingia kwangu!" Simu ikakatika. Mama, huku ukisikia baa huulizi mara mbili. Nikawaza watu wenye bunduki. Nikamzuia dereva asiende popote, nikafunga mlango, nikamsomea Halima Yasini.

Asubuhi akapiga tena, safari hii amekasirika. "Abaayo, dada yangu, mimi nangoja wewe tangu jana! Baa! Ile ya bembe mbili, na mtoto yake!"

Paa. Mwanamke wa watu alikuwa akisema paa, ndivyo amwitavyo hirola, na herufi P kwao haipo, hutamka B. Dereva alicheka hata akashindwa kuwasha gari.

Mimi nilicheka kidogo tu. Njia nzima nilikuwa namwomba Mungu tukute wameshaondoka. Ndiyo, mama. Mimi niliyesomea wanyama hawa niliomba nisiwaone, nirudi nikukande magoti kwa mikono yangu mwenyewe.

Tulimkuta Halima amewahamishia ng'ombe wake upande wa pili na mbwa amemfunga. Chini ya mgunga alisimama jike, na ubavuni mwake ndama, miguu inamtetemeka, ananyonya. Nikalia. Halima akanishika mkono: "Walaahi, furaha imeshinda wewe." Nikamwacha aamini hivyo.

Nisalimie dada Riziki, mwambie magoti yako nimemkabidhi yeye. Msalimie shangazi Mwanakombo na bibi, mzaa baba, anayeamini hadi leo kwamba nafuga simba. Mjomba Salim msalimie sana, na umwambie ile nafasi ampe mwingine. Tafadhali mama, usilie mbele yake.

Mwanao aliyeomba vibaya, akajibiwa vizuri,
Mwanasiti