Kifua cha Dismasi

Kigoma Mjini, 3 Machi 1997

Mama,
Shikamoo. Mimi sijambo, ila mjukuu wako Dismasi bado. Hii ni nimonia ya tatu, na hata jino hajaota. Sindano zikiisha anapata nafuu, halafu anaanza tena kuhema.

Mama, kabla Shadia hajavuka ziwa kukimbia vita, nawe ukampa chumba hapo kwako, mtoto alikuwa haugui. Juzi tulipokuja kwako nilimkuta amemwekea Dismasi sikio kifuani, midomo inamchezacheza. Akasema, "Namusikiliza tu." Anasikiliza nini? Mtoto wake mwenyewe alimzika njiani. Asinizikie na wangu. Mtoe.

Mwanao,
Elida

Ilagala, 9 Machi 1997

Mwanangu,
Marahaba. Huku tu wazima, mvua hazikatiki. Nimemwambia Shadia aondoke. Hakubisha. Alikunja kitenge chake, akauliza, "Mama, nimekosa nini?" Nikamfungulia mlango. Majirani walimtazama kama mwizi. Lori limempeleka kambi ya wakimbizi.

Sasa niambie, mtoto amepona?

Mama yako

Kigoma Mjini, 20 Machi 1997

Mama,
Shikamoo, na pole na shamba. Hajapona. Alizidiwa hadi midomo ikawa ya bluu. Daktari mwingine akaagiza picha ya kifua, akanionyesha: "Kipande hiki cha pafu la kushoto kinaingiza hewa, hakiitoi. Kimevimba, kinabana kwingine kote. Amezaliwa nacho. Inabidi apasuliwe, kikatwe."

Sikumwamini. Mbona wenzake walisema nimonia? Nikahisi anatafuta mtoto wa kujifunzia kupasua. Nikamuuliza, "Mtu hawezi kumfanyia mtoto hivi?"

"Hapana, mama. Pafu liliumbika hivyo tumboni mwako."

Tumboni mwangu! Nililia mpaka muuguzi akanishika.

Kesho tunapanda treni kwenda Mwanza, akapasuliwe. Nakuomba umtafute Shadia. Mwambie arudi nyumbani.

Mwanao,
Elida

Ilagala, 14 Aprili 1997

Mwanangu,
Marahaba. Hujambo huko ugenini? Tumepata salamu kwamba Dismasi ameshapasuliwa na ananyonya vizuri. Nimemshukuru Mungu kwa kupiga magoti.

Kambini nilimkuta Shadia kwenye foleni ya maji. Hata sijafungua mdomo, akauliza, "Mutoto anapumua muzuri?" Nikamweleza yote, ya picha na ya tumboni. Akajifuta macho kwa kanga, akacheka kwa furaha. Nikamwambia tumemkosea, chumba chake kipo, twende.

Akanishika mkono. "Asante, Mama. Lakini siku mutoto atakohoa tena, mutaniangalia namna gani?"

 Nimerudi peke yangu.

Mama yako