Mume Niliyepewa Mahakamani

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri na Nguvumali yote ni matope, lakini leo ningeweza hata kuyaogelea matope hayo huku nacheka.

Tumeshinda rufaa!

Nimempigia simu kila ninayemjua, wengine mara mbili. Acha niieleze hapa kwa utaratibu, maana kwenye simu nilikuwa napiga kelele tu na hakuna aliyenielewa.

Nina gari, Canter, ninalobebea nazi kutoka Mwera, kule Pangani, kuja kuziuza hapa Tanga mjini. Ndiyo kazi yangu. Ndiyo inayomtunza mama yangu, na dereva wangu Saidi na wanawe. Mwaka juzi breki zilikataa kwenye mteremko, gari likabomoa ukuta wa duka la watu. Mungu alitusitiri, hakuna aliyeumia. Gari lilikuwa na bima, kampuni ikamlipa mwenye duka, nikashukuru nikadhani yamekwisha.

Kumbe kampuni ilinifungulia kesi. Walidai Saidi hakuwa na leseni ya kuendesha gari la ukubwa ule, kwa hiyo niwarudishie walichotoa. Leseni alikuwa nayo! Ila hakuna aliyetuuliza, kwa sababu sikujua kama nimeshtakiwa. Kesi ikaitwa, sikutokea, mahakama ikasikiliza upande mmoja na hukumu ikatoka.

Nilijua siku dalali wa mahakama alipokuja na askari kulikamata gari, tukiwa tunashusha mzigo. Saidi alikaa chini palepale barabarani. Mimi nilisimama na nazi mkononi kama mtu asiyejua nazi ni kitu gani.

Nikaenda kwa Wakili Mhina, mzee wa Kibondei anayezungumza polepole mpaka unatamani kummalizia sentensi. Alikwenda kusoma jalada la kesi, kisha akanipigia.

"Binti yangu, mpeleka samansi ameapa kwamba aliileta nyumbani kwako. Anasema aliyeipokea ni mumeo."

Mume wangu.

Nimepita arobaini na sijawahi kuolewa. Mtaa mzima unajua, na wapo wanaonikumbusha bila kuombwa.

Tulianza kwa kuiomba mahakama ileile iifute hukumu yake. Siku hiyo nilisimama mbele za watu nikasema, "Mheshimiwa, mimi sina mume." Wakili wa kampuni, kijana mmoja wa suti iliyombana, akajibu kwamba kugombana na mumeo hakumfanyi aache kuwa mumeo. Watu wakacheka. Hakimu akalikataa ombi letu.

Nilirudi nyumbani nikalia, na niseme ukweli, sikuwa nalilia gari. Kuna mambo mtu huyabeba kimya miaka na miaka akidhani ameyazoea, kisha siku moja analazimishwa kuyatamka kwa sauti ili karani ayaandike.

Ndipo tukakata rufaa Mahakama Kuu. Wakili Mhina aliomba gari lisipigwe mnada kwanza, likabaki kwenye yadi ya dalali likinyeshewa, na sisi tukawa tunakodi magari ya watu. Miongoni mwa vielelezo vyetu kulikuwa na kiapo cha mwenyekiti wa mtaa na cha mama, aliyetoka Mwera kuja kuapa kwamba bintiye hajaozwa. Aliapa kwa masikitiko makubwa.

Siku rufaa iliposikilizwa, jaji alikuwa mama wa makamo, miwani imemshukia puani. Alimgeukia yule wakili kijana.

"Huyo mume anaitwa nani?"

"Mheshimiwa Jaji, kiapo hakitaji jina."

"Mpeleka samansi alimuuliza jina?"

"Hakisemi, Mheshimiwa."

"Sasa alijuaje kama ni mume?"

Kijana akalifungua jalada lake, akalifunga tena. Hapo nikasikia benchi nyuma yangu linalia. Mama yangu alikuwa amesimama.

"Mheshimiwa, na mie namtaka! Kama yupo aletwe, nimwone mkwe wangu kabla sijafa."

Karani akamfuata mbiombio kumkalisha. Watu walicheka siku hiyo pia, na safari hii mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza. Jaji aliinamia karatasi zake kwa muda, mabega yakimtikisika kidogo.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya uamuzi. Nusu ya maneno sikuyaelewa, kwa hiyo nilikuwa namtazama Wakili Mhina usoni kama mtu anayetazama mpira asioujua, akingoja mwenzake ashangilie. Kisha nikayasikia yale niliyoyaelewa: haikuthibitika kwamba niliitwa, na mtu hahukumiwi kwa kesi asiyoijua. Hukumu imetenguliwa. Kesi inarudi chini, isikilizwe upya mbele ya hakimu mwingine. Gari nirudishiwe.

Saidi hakungoja hata tutoke nje. Alikimbia mvuani hadi yadi, na nadhani bado yuko huko analifuta vioo, maana betri imekufa na fundi hajafika.

Mama akasema siku kama hii haiendi nyumbani hivihivi, anataka aiskrimu. Tukachukua bajaji hadi Raskazone, mvua ikitupiga ubavuni, tukala aiskrimu tukiwa tumelowa chapachapa. Alilamba yake taratibu, mwisho akaniuliza:

"Mwanangu, yule wakili wa bima ameoa?"

"Mama!"

"Nimeuliza tu. Kwani kuuliza weye kwakuuma nini?"

Nilicheka hadi aiskrimu ikanidondokea mapajani.

Najua bado kuna safari. Pale kwenye ngazi za mahakama, nikiwa narukaruka, Wakili Mhina alinishika bega. "Binti yangu, tulichopata leo ni nafasi ya kusema. Kesi yenyewe ndiyo inaanza." Alifikiri atanipunguzia furaha. Akaiongeza. Nafasi ya kusema ndiyo niliyokuwa naililia muda wote huu! Mara ya kwanza walinihukumu bila kuniona, mara ya pili waliniona wasinisikie. Sasa watakaa, na mimi nitasimama, na Saidi atasimama na leseni yake.

Nimefunga mlango, najizoeza mbele ya kioo. Naanza, nacheka, naanza tena. Nisimame wima. Nisiseme harakaharaka. Nisiombe radhi kwa lolote.

Mheshimiwa, naitwa Zuhura. Nauza nazi. Siku ya ajali nilikuwemo ndani ya gari, na nitakueleza ilivyokuwa.