Visu vya Wapishi Vilivyozuiwa Getini

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA UMOJA WA WAPISHI, JIKO LA CHUO

Siku: Alhamisi tarehe 9, saa nane na nusu mchana, vyombo vikishaoshwa.
Mahali: Stoo ya vyakula, juu ya magunia.
Waliohudhuria: Mpishi Mkuu (Mwenyekiti), Mkata Nyama, Fundi Mikate, Dada wa Vyombo, Mama wa Mboga (Katibu).
Aliyeitwa: Mlinzi wa geti.
Hakuhudhuria: Mama Vikombe, kwa sababu ya mguu.

KUMB. NA. 1/9: SALAMU
Kwa kuwa karatasi hii inakwenda kwa Bwana Afisa Utawala, Katibu anamsalimu yeye, mkewe, wale mapacha wake waliokuja siku ya mahafali, na mama mkwe wake, miguu yake inaendeleaje? Anamsalimu pia Mama Vikombe, mumewe na wajukuu, asiukanyagie mguu kabla haujapona. Sisi huku wazima. Mwenyekiti alisema salamu zimetosha.

KUMB. NA. 2/9: YALIYOTOKEA JUMATATU
Mwenyekiti alieleza kwamba tangazo jipya linakataza kuingia chuoni na silaha, iwe bunduki, panga au kisu cha aina yoyote. Yeye alifika na kisu chake kwenye begi kama alivyofanya miaka ishirini na miwili, maana jikoni hakuna jiwe la kunolea na kila mpishi hunoa kwake. Mlinzi akamzuia. Mwenyekiti alikataa kukiacha, Mlinzi alikataa kumpitisha, wakasimama hivyo mpaka saa nne, ndipo Mwenyekiti akakiacha kibandani kwa Mlinzi. Wanafunzi walikula chakula cha mchana saa tisa.
Mwenyekiti alisema, "Kisu hiki kimelisha chuo kizima, leo naitwa jambazi?" Dada wa Vyombo aliuliza nani alimwita jambazi. Ilionekana hakuna.

KUMB. NA. 3/9: BARUA YA KUMKATAA MLINZI
Mwenyekiti alipendekeza Umoja uandike barua Mlinzi aondolewe. Ilielezwa kwamba Mlinzi yuko kwenye miezi mitatu ya majaribio, na barua kama hiyo ingemmaliza. Mkata Nyama alikumbusha kwamba Mlinzi ni binti wa Katibu, hivyo Katibu atoke. Katibu aliuliza, akitoka, nani ataandika? Akabaki.
Mlinzi aliitwa. Katibu alimuuliza kama amekula. Mwenyekiti alisema hilo si agenda.
Mlinzi alisema, "Shikamooni. Mzee wangu, sikukuvunjia heshima. Siku ile wewe ulikuwa wa pili. Wa kwanza nilimrudisha nyumbani na kisu chake cha kabichi, na ni mama yangu mzazi. Mama nimrudishe, wewe nikupitishe?"
Wajumbe walimgeukia Katibu, ambaye Jumatatu alisema amechelewa kwa mafua. Katibu alikiri kwamba hakuwa na mafua. Alirudishwa, akaenda na kurudi kwa miguu, akinung'unika njia nzima. Lakini alipofika nyumbani alikaa kitandani akacheka peke yake, kwa kuwa aliona amezaa mtu.
Fundi Mikate alicheka mpaka akashika gunia. Mwenyekiti alimsubiri amalize. Kisha akasema, "Basi. Barua naiondoa. Na wewe binti, siku nyingine niite pembeni, usiniite mbele ya wanafunzi." Mlinzi alisema, "Hilo nimekosa, mzee. Nisamehe." Akasamehewa.

KUMB. NA. 4/9: VISU VIKAE WAPI
Iliamuliwa visu vyote vilale jikoni kwenye kabati la kufuli, kila mpishi aweke alama yake kwenye mpini. Mwenyekiti alisema atalileta jiwe la kunolea la marehemu baba yake, ambalo halijawahi kutoka nyumbani kwao. Wajumbe walisimama kwa heshima. Kisu chake kitakuwa namba moja. Mkata Nyama alitaka namba moja, hakuungwa mkono.

KUMB. NA. 5/9: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa tisa na robo. Kwa sasa visu vyote tulivyofika navyo wiki hii viko kibandani kwa Mlinzi, naye hatoi hata kimoja bila kibali chako, Bwana Afisa. Tunaomba kabati na kufuli, na jibu lije upesi, leo hii ikiwezekana, maana kabichi tunaichana kwa mikono.

Mwenyekiti: (amesaini) Mpishi Mkuu
Katibu: (amesaini) Mama wa Mboga, ndiye mama wa Mlinzi