Zamu Yangu ya Kushukuru

Wanangu, na wewe Baba Watoto mwenye mguu wa plasta,

Maharage yako jikoni, yaangalieni yasiungue. Mvua ikianza, anueni nguo. Baba asipande ngazi, hata kiti, hata akiapa ni kubadilisha balbu tu. Fundi rangi huyu ameshaanguka mara moja, inatosha.

~~Msinisubiri kula.~~ Nisubirini.

Asubuhi nilinuna, najua. Baba aliamka akiimba tenzi zake, kichwa kikaniuma. Kisha mezani, kama kawaida yetu, kila mtu akataja jambo la kumshukuru Mungu kabla ya chai. Kitindamimba akashukuru kwa plasta, eti sasa Baba hawezi kumkimbia. Baba akashukuru kwa "mke mzuri hata akinuna." Zamu yangu ilipofika nikasema sina, nikabeba mkoba nikatoka. Sasa nimerudi kuchukua mwavuli, nawasikia mko uani mnacheka.

Basi zamu yangu hii hapa. Siku ile nilipopigiwa simu kwamba Baba ameanguka, nilikimbilia hospitali nikijua nimeshakuwa mjane. Nikiwa bado koridoni, nikasikia mtu anaimba wimbo wa sifa, sauti imepinda kabisa, na manesi wanamsihi anyamaze. Nililia palepale kwa furaha. Asante, Bwana, kwa sauti hiyo mbaya.

Baba Watoto, imba. Ila funga dirisha, majirani hawajatukosea kitu.

Mama yenu, aliyekuwa amenuna