Papa, Usiingie Mutoni

Goma, mutaa wa Mapendo

Papa wangu mupendwa,

Amani iwe kwako na kwa nyumba yote. Mugongo unaendeleaje? Mama anakula? Mudogo wangu Neema ameanza kutoka nje, ama bado analala akitazama ukuta? Mimi mwili ni muzima. Barua hii ninaitia mukononi mwa dereva wa pikipiki anayeleta maharagi toka Kiwanja. Simu zenu haziiti tena, na yeye amesema akifika mutoni atatafuta mutu wa kukufikishia.

Papa, siku ile Mama aliponipigia nilikuwa kazini kule Murara, kwa rafiki yangu Rashidi. Tunatengeneza simu na ordinateri, lakini kazi imepungua, basi Rashidi ameweka mashini mbili zenye kioo watu wachezee. Muchezo wanaoupenda ni wa kujenga vilalo. Unapewa muto, mbao, kamba na chuma, unaunga daraja lako, kisha gari linapita. Ukikosea linaanguka majini, watu wanacheka, unaanza upya. Humo ndani wanaonyesha pia wajenzi wa zamani. Kuna Waroma, waliopanga mawe kwa upinde na mpaka leo watu wanapita juu yake. Kuna pia watu wa milima ya mbali, ng'ambo ya bahari, wanaosuka kilalo kwa majani, na kila mwaka kijiji kizima kinateremka kukisuka tena.

Nilipoona hao nilimuita Rashidi, "Njoo uone, hii ni salongo ya Papa!" Nikamueleza hiyo kazi ya kijiji kizima, namna unavyopiga filimbi asubuhi, wanaume wanateremka na mashoka, na wewe unagonga kila muti wa kilalo chetu kwa kisigino, unasikiliza ni upi uliooza.

"Muzee wako alipaswa kuwekwa humu," Rashidi akasema.

Tulikuwa bado tunacheka simu ilipolia.

Mama hakunisalimia. Alisema, "Kilalo kimekwenda." Akasema muko kando ya muto tangu asubuhi, Neema yuko kwenye machela, uchungu umemushika tangu jana, na kituo cha afya munakiona pale ng'ambo. Hata muganga ametoka na koti lake jeupe, amesimama kwenye muteremuko, anawapungia mikono. Maji yalipiga kelele mpaka nikawa ninamusikia nusu nusu. Akaniuliza, "Bahati, tufanye nini?"

Mbele yangu kwenye mashini kilalo kilikuwa kimesimama, gari linapita. Nilimujibu, "Mungojee maji yapungue." Ni hilo tu nililopata, Papa. Simu ikakatika.

Kesho yake nilipanda pikipiki nije kwenu. Kwenye barieri watu wa bunduki walitushusha. Vijana waliokuwa mbele yangu walipakizwa kwenye kamyo, na mama zao hata leo hawajui waliko. Mimi nilirudishwa kwa sababu kamyo ilikuwa imejaa. Nilirudi Goma kwa miguu, na nilipofika ndipo Mama akapata mutandao kidogo, akaniambia mutoto alizaliwa pale kwenye majani, na hakulia.

Nilikwenda kwenye ofisi ya barabara. Mulinzi aliniambia wakubwa walikwisha kuondoka, na hajui watarudi lini. Nilimueleza hata hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema pole.

Sasa dereva ameniletea habari yenu. Anasema vijana wote wamekimbia kwa kuogopa kamyo hizo, na wewe na baba mudogo Faustin mumeanza kuangusha mikaratusi ya kilalo kipya. Alikuona ndani ya maji mpaka kifuani, kamba imefungwa kiunoni mwako, na Faustin ameshika ncha yake kule kando. Papa, usiingie mutoni. Mvua hazijaisha. Muto huu ulibeba magogo ambayo wanaume wengi walihangaika kuyaweka, wewe utakuacha? Ninajua utakavyosema: "Nani atakiweka kama si mimi?" Sina jina la kukupa.

Alileta pia neno la Neema: "Mwambie kaka, ninyi wa mujini muko na wainjinia. Hakuna hata mumoja anayeweza kupotea njia akafika huku?" Dereva anataka jibu la kumupelekea. Amekwisha kuwasha pikipiki, na mimi ninaandika, ninafuta.

Umusalimie Mama, umwambie ninamuombea usingizi. Umusalimie mama mukubwa Riziki anayemuogesha Neema, na mwalimu wa kanisa aliyemuzika mutoto. Rashidi na mama yake wanawasalimu, wanasema wametia majina yenu katika dua zao.

Lakini kuliko wote umusalimie baba mudogo Faustin. Kama hutanisikia, umwambie mimi ninamuomba: kamba hiyo aizungushe kwenye muti kwanza, asiishike kwa mikono mitupu.

Mimi mutoto wako ninayeshindwa kufika,

Bahati