Jicho Moja na Kikombe cha Maji

Kunduchi Mtongani,
Dar es Salaam.
Jumapili, 8 Februari 2026

Mpendwa mjukuu wangu Yumna,

Assalaam alaykum. Na marahaba naitanguliza kabisa, maana shikamoo yako najua iko njiani na hiyo Konya ya Uturuki ni mbali. Hujambo na baridi? Kifua je? Unakula, au unapiga picha chakula halafu unalala njaa kama vijana wenzio? Sie huku wazima. Joto limetukalia kichwani, na bibi yako Wahiba anagomba toka alfajiri, kwa hiyo nyumba ina afya.

Kwanza habari njema. Babu yako nimeshapasuliwa jicho, na sasa linaona kama la mwewe. Nikikaa hapa dukani nasoma mpaka bei za samaki kule mnadani. Wala sikuogopa. Aliyetetemeka ni daktari.

Umeona mistari hii inavyopanda na kushuka kama njia ya machimboni? Umeona nimetumia kalamu nene ya kuandikia maboksi? Basi hayo niliyosema hapo juu yafute. Uongo mtupu. Sijapasuliwa, mjukuu wangu. Nilitoroka.

Nakuandikia barua kwa sababu kwa simu siwezi. Simu anaishika bibi yako, mie vibonyezo sivioni, na kila ujumbe wa sauti unaoingia au kutoka unasikika mpaka kwa jirani. Bahati nzuri Khalil, mtoto wa jirani yetu, anapanda ndege Alhamisi kufuata mazulia hukohuko Konya. Ameapa hataifungua bahasha. Nami nimeigundisha kwa ugali, maana kiapo cha mfanyabiashara nakijua, mie mwenyewe ni mfanyabiashara.

Nikueleze hali ilivyo. Jicho la kushoto unajua lilikufa zamani, lilichomwa na msumari wa sanduku la sabuni mama yako hajazaliwa. Nimeishi na hili la kulia, na halijawahi kuninyima kitu. Sasa limeota mtoto wa jicho, na huyo mtoto amekua, anataka nyumba yake.

Nilivyojua ni aibu. Kuna mama kafungua duka la mabaibui karibu na msikiti. Kila asubuhi nikipita namwona kasimama nje, kajistiri vizuri, namsalimia. Haitikii. Siku nyingine namuuliza watoto hawajambo, kimya. Nikarudi nyumbani nikamlalamikia bibi yako kwamba mtaa umeingiliwa na mwanamke mwenye kiburi. Kumbe siku moja Mwinjuma, yule rafiki yangu wa kahawa, alikuwa nyuma yangu anasikiliza. Akanishika bega akaniambia, "Awadh, muoe tu huyo. Hana maneno."

Ilikuwa sanamu ya kuvalishia nguo.

Barazani walicheka mpaka kahawa ikapoa. Mie nilicheka kuliko wote, kama unavyonijua. Lakini jioni nikakaa na bibi yako, taa inawaka, nikamtazama, na pale penye uso wake nikaona ukungu umevaa mtandio. Nilijua ni yeye kwa sababu alikuwa anagomba. Tangu hapo akinyamaza tu, roho inaniruka. Namchokoza ili aseme.

Basi mama yako Huda akanipeleka hospitali. Wakanivalisha lile gauni lao la wazi mgongoni, nesi akanichora alama kwa wino juu ya jicho la kulia, wasije wakakosea. Nikamuuliza kama watanilaza usingizi. Akasema hapana mzee, jicho tu ndilo litakalolala, wewe utakuwa macho, utaona mwanga, utasikia tunaongea, ila usitikisike na usikohoe. Nikaona hapa nimekwisha. Mie nikikohoa asubuhi, kuku wa Mwinjuma wanaamka. Nikasema naomba kwenda msalani, nikatokea mlango wa nyuma, nikaingia kwenye bajaji na gauni lilelile. Upepo ulinijulia hali mwili mzima. Dereva alinitazama kwenye kioo mpaka tukafika taa za barabarani, ndipo akauliza kwa adabu kama kuna mtu amwite. Nikamwambia aongeze mwendo.

Mama yako tangu siku ile ananipa chai bila kunitazama. Alinirudisha kwa daktari kuomba radhi, kanishika mkono wa kanzu kama mtoto aliyeiba maandazi. Daktari hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema taratibu, "Mzee Awadh, ukingoja sana litakuwa gumu kupasua. Na jingine la akiba huna."

Amenipa Jumatatu ya tarehe kumi na sita, kabla Ramadhani haijaingia. Ameniambia hilo jicho kwa kawaida hupona. Nimesikia. Lakini kwa wenye macho mawili, likiharibika moja wanabaki na moja. Mie likiharibika hili nabaki na sauti za watu. Naogopa, Yumna. Naogopa mpaka chakula kinakosa chumvi. Hakuna ajuaye, maana nikianza kusema wanacheka kabla sijamaliza. Nimewazoesha vibaya.

Sasa nije kwenye mambo yako. Lile jambo dogo unalojifunza huko kila siku na kututumia, bibi yako analifungulia wakati wa chai na tunasikiliza wote. Mie nalibeba mpaka barazani nalitoa kama langu. La mkate ulioanguka, kwamba huko wanauokota na kuuweka juu ya ukuta usikanyagwe, liliwanyamazisha. La kumwagia mgeni marashi ya limau viganjani, Mwinjuma alitaka tuanze siku hiyohiyo, tukamwambia aanze yeye kuoga. Na lile la kumwaga maji nyuma ya msafiri anapotoka mlangoni, ili aende kama maji na arudi kama maji, tulilicheka sana. Mwinjuma alisema waje wakae Mtongani mwezi mmoja wa masika, watajifunza kuyafukuza maji kwa ndoo.

Lakini lile la kwanza kabisa sikulicheka. Ulisema, "Babu, leo nimejifunza kwamba theluji ikianguka haina sauti." Wenzangu wote walisema mashallah, kizuri hicho. Mie nilisikia sauti yako. Nilikuwaga naisikia kila asubuhi ulipokuwa darasa la kwanza, tukikaribia wale mbwa wa machimboni. Unakumbuka? Nilikuwa nakupa jina la samaki mmoja kila siku, na tabia zake, tupite ukiwa unalirudia. Leo kolekole, kesho mkizi mwenye hasira. Nikakuambia ukishika kitu kimoja kipya kichwani, hofu inakosa pa kukaa. Nikajua basi, mtoto yuko peke yake huko na anajitajia samaki.

Nikuibie siri na mie. Wale mbwa nilikuwa nawaogopa kuliko wewe. Majina yale nilikuwa najitajia mwenyewe, wewe ulikuwa unadandia.

Bibi yako anamsalimu mke mwenzie, anasema vaa soksi mbili. Mama yako anakuombea kila sala. Mwinjuma anauliza kama huko kuna wajane. Mungu akulinde na ugeni, akufungulie masomo yako, akurudishe nyumbani nikuone. Nimesema nikuone, na Yeye amesikia.

Bado deni langu. Siku tulipopita mbwa wale wakiwa wamelala, uliniambia ukiwa mkubwa na wewe utanivusha. Nalidai sasa. Jumatatu ile nitatoka mlangoni saa moja na nusu asubuhi, na saa za huko na za huku ni sawa, hilo nalo ni jambo lako la siku moja. Hapa siwezi kumwambia mtu, bibi yako atasema uzee umeniingiza kwenye uganga wa vikombe. Dua naomba, tena nyingi. Kikombe ni nyongeza. Kwa hiyo saa moja na nusu toka nje na wewe, umwage maji kikombe kimoja tu nyuma yangu. Ila usimwage unapokanyaga, yasije yakaganda ukavunjika mguu. Mwaga pembeni, halafu nitajie jina la samaki yeyote.

Ni mie babu yako, akupendaye kwa jicho lililobaki,

Awadh